Namna ya Kupima Iwapo Chama cha Wafanyakazi Kinakutetea Ipasavyo Katika Majadiliano ya Mshahara

Kiongozi wa chama anayepaza sauti jukwaani huenda akawa mjadiliani hodari, na huenda asiwe. Ushahidi umo katika karatasi mbili: orodha ya madai ambayo chama kiliipeleka kwa mwajiri, na mkataba wa hali bora, yaani makubaliano kati ya chama na mwajiri, uliotiwa saini mwishoni. Mwombe mwakilishi wa tawi lako zote mbili, kisha zisome kwa pamoja, kipengele kwa kipengele. Ukiambiwa kwamba orodha ya madai ni siri hata baada ya majadiliano kumalizika, hiyo ni dalili mbaya, kwa kuwa mwajiri amekwisha kuiona na anayefichwa ni mwanachama peke yake.

Anza na asilimia ya ongezeko, lakini usiishie hapo. Ilinganishe na mfumuko wa bei wa kipindi kilekile, ambao hutangazwa na ofisi ya taifa ya takwimu. Mshahara ukipanda kwa asilimia 6 huku bei zikipanda kwa asilimia 8, uwezo wako wa kununua umeshuka kwa karibu asilimia 1.9, hata kama chama kimeyaita matokeo hayo ushindi. Mkataba wa miaka kadhaa unahitaji uangalifu zaidi: tafuta kipengele kinachoziruhusu pande mbili kurudi mezani iwapo bei zitapanda kupita kiwango walichokubaliana, maana kisipokuwemo, wanachama ndio watakaobeba hasara.

Tarehe ya kuanza kulipwa ndipo wengi wanapopunjwa bila kujua. Tuseme ongezeko la asilimia 6 lilipaswa kuanza mwanzoni mwa mwaka, mkataba ukasainiwa miezi tisa baadaye, na hakuna kipengele cha malimbikizo. Utalipwa ongezeko hilo kwa miezi mitatu tu, na kwa mwaka mzima kipato chako kitakuwa kimepanda kwa asilimia 1.5. Mwajiri anayejua hayo hana sababu ya kuharakisha mazungumzo, na chama makini hudai malipo ya kurudi nyuma kuanzia siku ya kwanza ya majadiliano.

Chunguza pia ongezeko limewekwa wapi. Malipo ya saa za ziada, michango ya pensheni na kiinua mgongo kwa kawaida hukokotolewa kutokana na mshahara wa msingi. Kwa hiyo posho, au fungu linalotolewa mara moja, hupendeza siku ya malipo lakini halikufuati hadi kustaafu.

Hata hivyo, matokeo hafifu hayathibitishi uwakilishi mbovu. Mwajiri anaweza kuwa anapata hasara kweli, au wanachama wakawa wachache mno kiasi kwamba tishio la mgomo halimtishi mtu. Ndiyo maana mwenendo wa chama unapaswa kupimwa pamoja na matokeo yake. Je, kiliomba taarifa za fedha za mwajiri kabla ya kutaja kiwango? Pendekezo Na. 163 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 1981, linawataka waajiri watoe taarifa zinazohitajika ili majadiliano yawe na maana, kwa hiyo chama ambacho hakikuziomba kiliingia chumbani kikikisia. Je, rasimu ililetwa kwa wanachama kabla ya kusainiwa, au mlitangaziwa tu? Mazungumzo yalipokwama, kilikwenda kwenye upatanishi au kilinyamaza?

Swali gumu kuliko yote, na ambalo wengi huona haya kuliuliza, ni nani hugharimia safari na semina za viongozi. Mkataba Na. 98 wa shirika hilohilo, wa mwaka 1949, unakataza mwajiri kukipa chama fedha kwa nia ya kukiweka chini ya himaya yake. Hesabu zilizokaguliwa zitakupa sehemu ya jibu.

Maswali haya yapeleke kwa maandishi kabla ya mkutano mkuu, ukiwa na wenzako waliotia saini, na uombe yaingizwe kwenye ajenda. Uongozi ukikataa, soma katiba ya chama uone kama inawaruhusu wanachama kuitisha mkutano wa dharura, na saini ngapi zinahitajika.