Somo: Kutumia "I look forward to" kwenye barua rasmi

Sentensi hii, yenye maana ya "nasubiri kwa hamu", hukaa mwishoni mwa barua ya maombi ya kazi, na baada yake hubaki maneno ya kufunga na jina lako tu. Wengi huiandika hivi: "I look forward to hear from you." Ni kosa dogo, lakini mtu anayepokea barua nyingi huliona mara moja. Inauma kuona barua iliyoandikwa kwa uangalifu ikichafuka kwenye mstari wa mwisho, kwa hiyo tulimalize leo.

Hatua ya 1: Itambue "to" iliyopo hapa. Kiingereza kina "to" mbili. Moja hutangulia kitenzi, kama "ku" yetu kwenye kusoma: "I want to read." Nyingine ni kihusishi na huelekeza kwenye kitu: "I went to the office." Kwenye "look forward to" ni hii ya pili. Kihusishi hufuatwa na nomino, hivyo kitenzi kikija hapo lazima kivishwe "-ing" kifanye kazi ya nomino: "I look forward to hearing from you."

Hatua ya 2: Ipime kwa "it". Hii ndiyo hatua ninayotaka uondoke nayo, maana inakuokoa na kukariri. Toa kitenzi, weka "it" mahali pake. "I look forward to it" inakubali. "I want to it" inagoma. Ikikubali, andika "-ing". Ikigoma, acha kitenzi kilivyo. Sasa jaribu kwingine. "I am used to it" inakubali, kwa hiyo utaandika "I am used to working at night," yaani nimezoea. Ondoa "am" uone: "I used to it" imegoma, kwa hiyo ni "I used to work at night," yaani zamani nilikuwa nikifanya hivyo. Watu huchanganya hizi mbili kila siku, na kipimo ni kilekile.

Hatua ya 3: Angalia unamwandikia nani. "I look forward to" ndiyo rasmi. "I am looking forward to" ina ukaribu zaidi, inafaa kwa mtu mnayefahamiana. "Looking forward to" isiyo na "I" waachie wenzako kwenye ujumbe mfupi.

Hatua ya 4: Usidondoshe "from". "Hearing you" ni kuisikia sauti yako. "Hearing from you" ni kupata jibu lako.

Hatua ya 5: Ipe mstari wake, weka nukta, kisha funga barua. Kwa desturi ya Uingereza, barua iliyoanza na "Dear Sir or Madam" utaifunga kwa "Yours faithfully". Iliyoanza na jina la mtu utaifunga kwa "Yours sincerely".

MASWALI

Swali: Mwalimu, nikitaka kutaja jibu lenyewe, bado naweka "-ing"?
Jibu: Hapana. "I look forward to your reply" imekamilika, kwa sababu "reply" hapo tayari ni nomino. Kama bado una wasiwasi na "-ing", tumia hii.

Swali: Asante kwa somo. Niongeze "soon" mwishoni?
Jibu: Si kosa. Ila unapoomba kazi au msaada mimi ningeiacha, inaweza kusomeka kama unamharakisha mtu.

Swali: "I" au "we"?
Jibu: Ukiandika kwa niaba ya ofisi au kikundi, "we". Maombi ya kazi ni yako mwenyewe, andika "I".

Swali: Na kwenye barua ya malalamiko inafaa?
Jibu: Inafaa sana, hasa ukitaja siku: "I look forward to receiving your reply by Friday." Ina adabu, na bado inamwekea mhusika muda.