Somo: Nyumba nane za kupangisha kwenye kiwanja kimoja

Wakuu, wengi wakitaka kujenga kwa gharama nafuu huanza kubana saruji na nondo, halafu nyufa zinawafuata. Pesa huokolewa mapema zaidi, kwenye ramani, kabla lori la mchanga halijaingia. Nachukua mfano wa kiwanja cha mita 20 kwa 30 hapa Dar es Salaam: nyumba nne chini, nne juu, kila moja vyumba viwili, sebule, jiko na choo cha ndani, kama mita za mraba 50.

Hatua ya 1: Jua na upepo
Urefu wa jengo uende mashariki-magharibi, madirisha yatazame kaskazini na kusini. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo Juni jua la mchana huwa upande wa kaskazini, Desemba upande wa kusini, na nyakati zote mbili liko juu. Kivuli cha zege kikitokeza sentimita 70 juu tu ya dirisha, kinafunika dirisha la sentimita 120 saa sita mchana hata Juni, jua linapoinama zaidi. Jua la saa kumi halizuiliki hivyo. Linapiga ukuta wa magharibi likiwa chini, na ukuta ukishashika moto unautoa usiku watu wakiwa wamelala. Upande huo weka ngazi.

Kusi na kaskazi zote zitaingia ndani iwapo kila nyumba ina madirisha mbele na nyuma. Ndiyo maana siupendi mtindo wa korido ya giza katikati, milango ikitazamana kama gesti. Panga nyumba nne mstari mmoja, korido ya nje, ngazi moja. Korido ya juu inawapa kivuli wa chini, na mpangaji anatosheka na feni. Kule kwenye giza atatafuta kiyoyozi, kisha umeme ukimshinda anahama.

Hatua ya 2: Mabomba
Nyumba mbili jirani zipeane mgongo kwenye ukuta wa pamoja: choo kwa choo, jiko kwa jiko, ukuta wa mabomba mmoja. Za juu zikae sawasawa juu ya za chini. Nyumba nane zinabaki na njia mbili tu za kushusha maji taka. Fundi akiomba kusogeza choo "kidogo tu", mkatalie.

Hatua ya 3: Nguzo na madirisha
Nguzo za juu zisimame juu ya za chini, mita 3 hadi 4 kati yake. Dirisha saizi moja jengo zima. Bei ya grili utaiona inavyoshuka.

Hatua ya 4: Uwani usiukate
Hata mwenye mtungi wa gesi, maharage anachemsha kwa mkaa. Usipompa mahali, jiko litahamia koridoni na mabeseni ya kufulia yatakaa kwenye ngazi. Kibaraza cha nyuma cha mita 1.2, chenye tofali za matundu, kinamaliza ugomvi huo, na nguo zinakauka.

Hatua ya 5: Mvua
Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 250 likipata milimita 20, ni karibu lita 5,000, yaani simtanki zima la vyooni na kufulia. Maji ya kwanza yaache yapite, yana vumbi la bati.

MASWALI

*Mkuu, kiwanja changu urefu wake unaenda kaskazini-kusini. Nifanyeje?*
Gawa jengo vipande viwili vifupi, kila kimoja kiende mashariki-magharibi, katikati acha uwanja upepo upite. Utaongeza ngazi ya pili, ndiyo gharama yake.

*Tofali za kufungamana, zile zinazoshikana kwa meno, zinabeba ghorofa?*
Hapa nguzo na mihimili ya zege ndiyo inayobeba, tofali zinajaza tu. Zinashindiliwa kwa udongo na saruji kidogo, hazichomwi, kwa hiyo hakuna kuni. Udongo wenye mfinyanzi mwingi hupasuka, upimishe kwanza. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi wanazifahamu vizuri. Mahesabu ya nguzo mpe mhandisi, usimwachie fundi.

*Kaka, LUKU (mita ya umeme wa kulipia kabla) moja kwa nyumba zote si nafuu zaidi?*
Nafuu siku ya kufunga. Baadaye mmoja ana friji, mwingine ana taa mbili, na wewe ndiye hakimu kila mwisho wa mwezi. Kila nyumba na yake.

*Naweza kuuza nyumba moja moja baadaye?*
Ndiyo, sheria ya mwaka 2008 inaruhusu hati ya sehemu ya jengo. Ngazi, paa na uwanja vinabaki vya wote, kwa hiyo vionyeshwe kwenye ramani tangu sasa.