Bushi za nyuma zikazwe gari likiwa chini

Ukibadilisha springi na shokapu za nyuma kwenye Corolla saluni za zamani kama matoleo ya AE90 na AE100, usikaze moja kwa moja bolti za mikono ya chini, zile zinazopita kwenye bushi (viungo vya raba), wakati tairi linaning'inia. Zifikishe tu bila kuzikaza, shusha gari, bonyeza buti kwa uzito wa mwili mara tatu nne lijikalishe, ndipo ukaze ukiwa shimoni. Huna shimo? Pandisha jeki chini ya habu (kitovu cha tairi) mpaka bodi ianze kuachana na stendi, ukaze hapo hapo. Raba ya bushi imegandishwa kwenye kibomba cha chuma kilicho katikati, na bolti hukibana kibomba hicho, kwa hiyo raba haitelezi, inajinyonga. Ukikaza tairi likiwa linaning'inia, gari likishuka raba inabaki imejisokota muda wote: nyuma panakaa juu kidogo, springi mpya inasingiziwa, na raba inachanika mapema. Bolti mbili za shokapu kwenye habu hazina raba, kaza wakati wowote. (Nati ya katikati juu ya shokapu ndiyo ya kuogopa, usiiguse kabla springi haijabanwa kwa vibano viwili vilivyotazamana.) Ujanja huu hauokoi bushi iliyokwisha kuchanika, na bushi za poliyurethani hazina haja nao kwa sababu huzunguka zenyewe kwenye grisi. Bolti ikiwa imeshikana na kibomba kwa kutu, itoe kwanza, la sivyo ukiizungusha inanyonga raba.