Panda Loleza ukajionee seli zako zikifanya kazi

Nafundisha baiolojia hapa Mbeya mwaka wa kumi na tatu sasa, na hakuna mtihani nisiosahihisha jibu linalosema nishati ya mwili inatengenezwa kwenye mapafu. Mapafu ni mlango tu. Shughuli yenyewe iko ndani ya seli, za paja, za mkono, hata za ubongo wako unaposoma hapa. Glukosi inakutana na oksijeni, zinatoka hewa ya ukaa, maji na nishati. Watoto wanaukariri mstari huo Jumatatu, Alhamisi umeshayeyuka. Ndiyo maana siku hizi nawapeleka mlima Loleza kwanza, ubao baadaye. Nawe unaweza kwenda na wanao Jumamosi yoyote. Mwenye pumu au tatizo la moyo abaki chini awe mwandishi wa namba, na msiende mtu mmoja mmoja.

Usiku wa kuamkia safari, tia vijiko viwili vya chokaa ya kupakia ukuta kwenye chupa ya maji, tikisa, acha itulie mpaka asubuhi. Mimina yale maji maangavu ya juu bila kuvuruga mashapo. Nusu weka kwenye glasi, nusu kwenye chupa yenye kifuniko kinachobana, maana hata hewa ya kawaida huyachafua polepole. Sasa puliza kwenye glasi kwa mrija huku mwenzako akihesabu sekunde mpaka hewa ya ukaa iliyomo kwenye pumzi yako iyafanye maji yawe kama maziwa. Puliza, usinyonye! Chokaa inaunguza, na ikiruka jichoni osha hapo hapo kwa maji mengi.

Pima na mapigo ya moyo mkiwa bado mmekaa. Tumia vidole viwili chini ya kifundo cha mkono, usitumie dole gumba kwa sababu lina mapigo yake. Hesabu sekunde 15, zidisha kwa 4. Mtu mzima aliyetulia huwa kati ya 60 na 100. Mimi napata 76, ila nikishakunywa kahawa ya Mbozi namba inanidanganya, kwa hiyo kahawa ngoja mrudi.

Mwanzo wa mlima pandeni taratibu, mkipiga soga. Ukiweza kumaliza sentensi bila kukata pumzi, oksijeni inatosha. Hapa huwa nawaambia hivi: glukosi iliyotoka kwenye ndizi za Tukuyu ulizokula jana ni noti ya elfu kumi, na konda wa daladala haitaki. Msuli nao hautumii glukosi moja kwa moja, unataka chenji, na chenji hiyo inaitwa ATP. Oksijeni ikiwepo, mitokondria, yaani vile viwanda vidogo vilivyo ndani ya seli, inaivunja noti yote na kukupa chenji kama 30 hivi kwa kila molekuli ya glukosi.

Mkifika penye mwinuko mkali, kimbieni dakika moja kwa nguvu zote. Mapaja yatawaka. Moyo unasukuma damu kwa kasi, lakini msuli unataka nishati kuliko oksijeni inavyofika, basi unaongeza njia ya mkato: glukosi inavunjwa nusunusu, chenji 2 tu, na thamani iliyobaki inakwama kwenye asidi ya laktiki. Simama, pima mapigo mara moja (mimi 148), kisha fungua chupa upulize. Maji yatageuka meupe mapema kuliko yale ya nyumbani, kwa kuwa sasa mnatoa hewa ya ukaa nyingi zaidi. Hapo ndipo kelele za "madam, madam, tazama!" zinapoanza, na mimi nasahau magoti yangu.

Kisha kaeni chini, mtazamane. Hakuna anayekimbia, lakini wote mnahema. Mnalipa deni la oksijeni. Sehemu ya ile asidi inachomwa hadi mwisho, nyingine inapelekwa kwenye ini na kugeuzwa tena glukosi. Baada ya dakika 5 pima tena. Mimi huwa nimeshuka hadi 98, na vijana wa timu ya mpira wako chini zaidi, wakinicheka.

Kama ni Juni au Julai, mtakuwa mmeshavua masweta wakati mjini watu wanaota moto. Karibu robo tu ya nishati ya chakula inakuwa mwendo kwenye msuli, inayobaki ni joto. Na kama mna mgeni kutoka Kyela, kule chini karibu na Ziwa Nyasa, msimcheke akihema zaidi. Mji wetu uko mita 1,700 hivi juu ya bahari na kilele cha Loleza kinapita 2,600. Oksijeni ni ileile asilimia 21 ya hewa, ila hewa yenyewe ni nyembamba. Akikaa wiki kadhaa, mwili wake utaongeza chembe nyekundu za damu.

Asiyeweza mlima afanye hili nyumbani: mkono mmoja juu, mwingine chini, afumbe na kufumbua ngumi zote haraka. Wa juu utachoka kwanza, kwa kuwa damu inaupanda kwa shida.

Mimi ni wa Iringa, kwa hiyo siwezi kuacha ulanzi, pombe yetu ya mianzi. Hamira ya asili iliyomo humo nayo ikikosa oksijeni inapita njia ya mkato, ila yenyewe inatoa kileo na hewa ya ukaa badala ya asidi ya laktiki. Ndiyo maana dumu likifungwa sana linavimba.

Kesho yake mtu akikwambia mapaja yanamuuma kwa sababu "asidi imejaa", mkatalie. Asidi ya laktiki huwa imeshaondoka ndani ya saa moja au mbili. Kinachouma ni michaniko midogo ndani ya misuli, na mingi inatokea wakati wa kushuka, msuli unapokaza huku ukivutwa. Kwa hiyo shukeni polepole, hatua fupi, hata kama chapati za kule chini zinanukia.