Injini ya bodaboda inagonga: sikiliza, pima, ndipo ununue spea

Madereva wengi wanaokuja wakisema pikipiki inagonga huwa wameshanunua pistoni. Muuza duka kasikiliza maelezo kidogo, kawapa boksi. Ukifungua unakuta pistoni ya zamani ni nzima, kinacholia ni tapeti (skrubu za kurekebishia vali), au ni konrodi (mkono unaoshika pistoni kwa chini), na hilo boksi halisaidii kitu. Sauti inakuonyesha upande wa kutafuta tu. Spea gani ununue, utaambiwa na kipimo.

Natumia injini ya CG kama mfano, kwa sababu ndiyo iliyojaa kwenye pikipiki za Kichina za 125 na 150 mitaani kwetu.

Hatua ya 1: Jua injini yako ina nini ndani

Honda waliitoa CG125 mwaka 1976. Kamshafti yake (shafti inayofungua vali) iko chini, inazungushwa kwa gia, na pushrodi mbili zinapanda juu kusukuma roka, vile vikono vinavyobonyeza vali. Haina taimingi cheni, yaani cheni ya ndani ya kuzungusha kamshafti. Fundi akikwambia CG yako "cheni ya ndani imelegea", mshukuru, chukua funguo uondoke. Boxer na TVS HLX zina cheni hiyo, na tensheni (kikazio cha cheni hiyo) ikichoka utasikia mchakacho wa chuma ubavuni, hasa unapoachia resi.

Hatua ya 2: Oili kabla ya masikio

Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, futa kijiti, kiingize bila kukifunga kwa nyuzi zake, kisha soma. Injini yenye oili pungufu hulia kila mahali, utahangaika bure.

Sasa imwage yote kwenye beseni safi, ipitishe kwenye kitambaa cheupe, na uchomoe chujio lililo chini ya injini. Pitisha sumaku. Unga laini wa kijivu ni uchakavu wa kawaida. Vipande vinavyonaswa na sumaku ni chuma: beringi, gia au konrodi. Vyeupe vyepesi visivyonaswa ni alumini, na hapo pistoni ndiyo mshukiwa wa kwanza. Ukiona vipande, usiiwashe tena "kusikiliza kidogo". Ruka hadi hatua ya 6.

Hatua ya 3: Ondoa kelele za nje

Kaza nati za eksozi kwenye hedi (kichwa cha injini). Gasketi ikivuja pale, inatoa mlio unaofanana kabisa na tapeti. Dalili yake ni masizi meusi kuzunguka shingo ya bomba. Angalia pia bolti zinazoshika injini kwenye fremu, na mnyororo.

Hatua ya 4: Sikiliza ikiwa baridi, halafu ikiwa moto

Rudisha oili, na uanze asubuhi kabla pikipiki haijawashwa. Chukua bisibisi ndefu, ncha iguse injini, mpini uuweke kwenye mfupa wa mbele ya sikio. Hamisha ncha taratibu: hedi, bloku (silinda), kava la klachi, kava la magneti. Pale mlio unapokuja mkali ndipo nyumbani kwake.

Mlio mwepesi wa cherehani juu kwenye hedi, unaofuata resi, ni tapeti. Vali hufunguka mara moja kila klanki (shafti inayozungushwa na pistoni) inapozunguka mara mbili, kwa hiyo mapigo yake ni ya taratibu kuliko ya vitu vya chini, na sikio lililozoea linatofautisha.

Pistoni iliyolegea kwenye bloku hubwata ikiwa baridi, kisha inapungua joto likipanda kwa sababu alumini imetanuka. Konrodi ni kinyume chake: oili ikipata moto na kuwa nyepesi, kugonga kunazidi. Ni mlio mzito wa chini, "ngo-ngo-ngo", unaosikika zaidi ukibeba abiria au ukipanda mlima. Huu usiucheleweshe. Najua hesabu ya tajiri haisubiri, lakini konrodi ikikatika inatoboa kesi (ganda la injini), na hapo hamtazungumzia spea tena, mtazungumzia injini.

Beringi za klanki hazigongi, zinanguruma, na mngurumo unausikia hadi miguuni kwenye vikanyagio.

Kuna jaribio moja dogo ambalo mafundi wengi wanalipuuza. Ikiwa haina resi, shika klachi. Kelele ikibadilika au ikipotea, tafuta upande wa klachi na giaboksi; pistoni haihusiki.

Na ule mlio wa kukatakata unaotokea mlimani tu, ukiachia resi unakoma? Hapo chunguza petroli iliyochanganywa mafuta ya taa, kaboni iliyojaa kwenye hedi, au taimingi ya moto. Injini haijafa bado, ila ukiuacha utaitoboa pistoni.

Hatua ya 5: Weka tapeti

Injini iwe baridi kabisa. Toa plagi, zungusha magneti hadi alama ya T (pistoni iko juu kabisa) ilingane na alama ya kwenye kesi. Shika roka zote mbili: ziwe na mchezo. Kama mojawapo imekaza, zungusha duara moja zima tena. Kwa CG125 nafasi kati ya roka na vali ni milimita 0.08, vali zote mbili. Fila geji (kibamba chembamba cha kupimia nafasi) ipite kwa kukwaruza kidogo. Kaza nati huku umeshikilia skrubu, kisha pima upya, kwa kuwa nati huvuta skrubu.

Usikaze ili kelele ife. Tapeti isiyo na nafasi inaacha vali wazi, na vali ya eksozi itaungua. Kama kipimo ni sahihi na bado inalia, chunguza ncha za roka, pushrodi, halafu kamshafti.

Hatua ya 6: Fungua juu upime

Toa hedi na bloku, ziba mdomo wa kesi kwa kitambaa safi. Pandisha konrodi juu kabisa, ishike kwa mikono miwili, ivute na kuisukuma wima bila kuizungusha. Mchezo wa kwenda kando ni haki yake. Wa juu-chini ukiusikia mkononi, imekwisha.

Ingiza ringi peke yake kwenye bloku, isukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, na upime mwanya wake kwa fila geji. Ringi mpya nyingi huwa kati ya milimita 0.15 na 0.35. Mwanya ukiwa mkubwa, weka ringi mpya na upime tena palepale. Ukibaki mkubwa, kilichokwisha ni bloku.

Hatua ya 7: Chagua spea

Usinunue kwa kutaja "ya 150". Pistoni ya CG125 ina kipenyo cha milimita 56.5, ya CG150 ni 62, na Boxer 150 ni injini nyingine kabisa. Nenda na pistoni ya zamani, linganisha kipenyo, pini, na urefu kutoka pini hadi kichwani.

Bloku iliyolika inachongwa. Saizi zinapanda kwa 0.25, 0.50, 0.75 hadi 1.00, na namba imepigwa juu ya pistoni. Mimi huanzia ya 50, kwa sababu ya 25 mara nyingi haifuti mikwaruzo yote. Nunua pistoni kwanza, ndipo uipeleke kwa mchongaji pamoja na bloku, achonge kwa kuipima hiyo hiyo. Akikwambia acha bloku, ufuate jioni, pistoni utaleta baadaye, tafuta mwingine.

Kit ya konrodi ni nafuu kuliko klanki nzima, lakini inahitaji presi na geji ya kunyoosha. Kama mtu wako anatumia nyundo, nunua klanki nzima. Beringi nunua kwa namba iliyo ubavuni, pamoja na herufi: 6304 C3 na 6304 tupu zinaingia sehemu moja, ila ya C3 ina nafasi zaidi ndani kwa ajili ya joto.

Unapofunga, maandishi ya ringi yatazame juu, mianya itawanyike, na klipu za pini ziwe mpya daima. Kilomita 500 za kwanza usiivute sana wala usipakie mishikaki (abiria zaidi ya mmoja). Mwaga oili mapema katika kipindi hicho, uipitishe tena kwenye kitambaa cheupe.