Kabla hujasaini profoma ya HCI

Profoma tatu za mfumo wa HCI ziko mezani. Kila profoma ina seva tatu na imeandikwa terabaiti 60 kwa jumla, na bosi anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Wengi hapo huchagua ya bei ndogo, au ile yenye jina kubwa, wakiamini kitu ni kilekile. Ushauri wangu ni kuzilinganisha kwa swali moja: seva moja ikifa saa tano asubuhi, maduka yakiwa wazi, kila mfumo utafanya nini, na nani atakuja?

Kwa msomaji ambaye bado anatumia mpangilio wa zamani, HCI (hyperconverged infrastructure) inaondoa lile kabati la diski linalokaa peke yake likiunganishwa na seva kwa swichi zake. Diski zinahamia ndani ya seva zenyewe, programu inazikusanya zionekane kama ghala moja, na mashine pepe, yaani kompyuta zinazoundwa kwa programu tu, zinaendeshwa humohumo. Nutanix walianza mwaka 2009 kwa wazo hili. VMware walitoa vSAN mwaka 2014, Microsoft wakaweka Storage Spaces Direct ndani ya Windows Server 2016, na upande wa programu huria kuna Proxmox kutoka Vienna, ambayo huendeshwa pamoja na Ceph, programu ya kuzikusanya diski.

Anza na hesabu ya nafasi, kwa sababu ndiyo inayozua ugomvi na watu wa fedha. Mama mmoja, mhasibu wa kampuni ya jumla niliyowahi kuihudumia, aliniita ofisini akiwa na ankara mkononi. "Mwanangu, tumelipia terabaiti sitini. Hii skrini inasema ishirini. Nyingine zimekwenda wapi?" Alikuwa na haki ya kuuliza, na jibu lilipaswa kuwepo kwenye profoma. Chukua seva 3 zenye terabaiti 20 kila moja. Mfumo ukihifadhi kila data mara mbili, 60 inakuwa 30. Ceph kwa kawaida huhifadhi mara tatu, kwa hiyo unabaki na 20. Halafu hutakiwi kuzijaza zote. Ceph huanza kulalamika diski zikifika asilimia 85, na zikifika 95 inakataa kuandika kabisa, yaani mauzo yanasimama. Ishirini yako kwa kweli ni 17. Msambazaji atakwambia mgandamizo, yaani kubana data, utarudisha nafasi. Usiuweke kwenye hesabu. Picha za kamera za ulinzi zimeshabanwa tangu kwenye kamera, na hazitabanwa tena.

Idadi ya seva inaenda pamoja na hilo. Nutanix kwa kawaida wanahitaji seva 3 kwa nakala mbili na 5 kwa nakala tatu. vSAN yenye seva 3 itaendelea kufanya kazi moja ikifa, lakini haina pa kujenga upya nakala iliyopotea hadi seva irudi. Ceph ya seva 3 yenye nakala tatu ni hivyohivyo. Wakati huo wote unatembea bila akiba. Na usidhani hali hiyo ni ya ajali tu, maana kila unapoweka masasisho unaizima seva moja kwa makusudi. Kama duka lako haliwezi kusimama hata kidogo, omba bei ya seva ya nne sasa, wakati bado una nguvu ya kupatana.

Leseni zimebadilisha hesabu za watu wengi katika miaka ya karibuni. Broadcom walikamilisha ununuzi wa VMware Novemba 2023, na mwezi uliofuata wakaacha kuuza leseni za kudumu. Sasa unalipia kwa kore, yaani viini vya kazi ndani ya prosesa, na kila prosesa inahesabiwa si chini ya kore 16. Seva 3 zenye prosesa 2 kila moja ni kore 96 kwenye ankara, hata kama prosesa zako zina kore 8 tu. Nutanix nao wanauza kwa kujiandikisha. Azure Local ya Microsoft, iliyokuwa ikiitwa Azure Stack HCI hadi Novemba 2024, ilitangazwa kwa dola 10 kwa kore kwa mwezi. Kwa kore 96 halisi ni dola 11,520 kwa mwaka, na leseni za Windows za mashine pepe ziko pembeni. Storage Spaces Direct ya Windows Server haina malipo ya mwezi, ila inataka toleo la Datacenter. Proxmox unaweza kuiendesha bila kulipa. Unacholipia ni huduma ya msaada, kwa idadi ya prosesa. Na kama una hifadhidata ya Oracle, soma sera yao ya leseni kabla ya yote, kwa sababu hawakubali mipaka inayowekwa na programu tu. Mashine pepe moja ya Oracle inaweza kukutaka ulipie kore za klasta nzima, yaani seva zote zilizounganishwa. Nimeona watu wakiitenga kwenye seva yake pekee kwa sababu hiyo, na sikuwalaumu.

Uliza pia kuhusu njia ya kutoka. Cisco walikuwa na HyperFlex, bidhaa nzuri tu, na mwaka 2023 wakatangaza kuacha kuiuza na kuwaelekeza wateja kwa Nutanix. Walionunua mwaka mmoja kabla hawakukosea popote, hawakujua tu. Kwa hiyo muulize anayekuuzia: nikitaka kuhama baada ya miaka mitatu, mashine pepe zangu zitatoka kwa muundo gani, na seva hizi zitakubali programu ya kampuni nyingine? Akisitasita, umepata jibu.

Intaneti inahusu zaidi Azure Local. Kwa kawaida mfumo huo lazima uwasiliane na Azure, huduma ya wingu ya Microsoft, angalau mara moja kila siku 30. Ukizidisha, mashine zilizopo zinaendelea, ila huwezi kuunda mpya. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na Tanzania na Kenya zikawa na intaneti ya kubahatisha kwa siku kadhaa. Siku kadhaa si siku 30, kwa hiyo simwambii mtu aiogope. Namwambia ahakikishe mafundi wake wanajua kuiendesha klasta wakiwa ndani ya jengo, bila kutegemea ukurasa wa Azure.

Sasa umeme, ambapo nitakaa kidogo, kwa sababu huku kwetu ndiyo unaoua klasta nyingi kuliko diski mbovu. Wakenya wanakumbuka usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, gridi ya taifa ilipozima. Kila seva ina pawasaplai mbili, na kila moja inatakiwa iende kwenye UPS yake. Fuata waya kwa mkono wako hadi ukutani. Niliwahi kukuta UPS mbili nzuri, mpya, zote zimechomekwa kwenye soketi za breka moja. Kisha angalia aina ya SSD. Zile za laptopu hazina kapasita za kulinda data iliyo njiani umeme unapokatika, na chini ya Ceph zinakuwa nzito ajabu, maana Ceph haipokei neno la "nimeandika" hadi diski iwe imeandika kweli. Kwenye profoma tafuta maneno yanayotaja kinga ya kukatika umeme. Yasipokuwepo, mwombe msambazaji akuandikie namba kamili ya modeli ya diski.

Na kuna mtego mmoja ulionikesha. Umeme ulikatika Jumamosi, jenereta likagoma, UPS zikaisha chaji. Umeme uliporudi tukawasha seva zote. Seva zilikuwa zinatafutana kwa majina. Majina yalikuwa yanatunzwa na mashine pepe ya DNS. Mashine pepe ya DNS ilikuwa ndani ya klasta, na klasta haikuweza kuamka bila majina. Tulikaa hadi saa tisa usiku tukiandika anwani moja moja kwenye faili la kila seva. Tangu hapo, popote ninapofanya kazi kuna kompyuta ndogo nje ya klasta inayobeba DNS na saa ya pamoja ya seva, na mlangoni mwa chumba kuna karatasi iliyolaminetiwa yenye mpangilio wa kuzima na kuwasha.

Kwa mtandao wa ndani nitakuwa mfupi: swichi mbili, gigabiti 10 kwenda juu, na ukiwa na diski za NVMe, zile SSD za kasi zaidi, nenda 25. Kila kinachoandikwa kinavuka kwenda seva ya pili kabla mtumiaji hajajibiwa, kwa hiyo swichi ya zamani ya gigabiti 1 itageuza seva za mamilioni kuwa kobe. Bekapu nayo iwe nje ya klasta. Nakala tatu zilizo ndani zinakinga data isipotee diski ikifa. Virusi vya kudai fidia vikiingia, vinazifunga zote tatu kwa pamoja.

Kabla ya kuomba bei, pima mzigo wako kwa wiki nzima inayogusa mwisho wa mwezi, wakati mishahara na ripoti zinapigana. Programu ya Live Optics ya Dell inafanya hivyo bure, na matokeo unampa kila msambazaji karatasi ileile.

Mwisho, dai majaribio ya wiki mbili kwenye chumba chako, kwa hifadhidata yako. Saa sita mchana, watu wakifanya kazi, chomoa waya zote mbili za seva moja. Sisi tulimweka yule mama mhasibu mbele ya kompyuta yake akiendesha ripoti ya mauzo, simu sikioni, mimi nikiwa chumba cha seva. Nikachomoa. "Imesimama," akasema. Nikahesabu. Baada ya dakika moja na nusu hivi akasema, "Imerudi, lakini imenitaka niingie upya." Hayo ndiyo niliyoyaandika kwenye jedwali la kulinganisha, kwa maneno yake. Kisha nikamgeukia fundi wa msambazaji nikamtaka aandike kwenye mkataba diski ya akiba iko ghala gani, Dar, Nairobi au Dubai, na itafika kwa saa ngapi siku ya Jumapili.