Kusawazisha Sihiri na Silaha katika Dunia ya Kubuni

Mwandishi wa fantasia mara nyingi huanza kwa kuorodhesha yale ambayo sihiri inaweza kufanya, na kufikia sura ya tano anagundua kuwa hakuna mhusika anayehitaji upanga tena. Mimi hupima sihiri na silaha kwa mizani moja, yaani gharama, na gharama hiyo lazima msomaji aione ikilipwa.

Hatua ya 1: Chagua jina, kisha weka mipaka. Kwa msomaji wa Kiswahili, mganga hutibu na mchawi hudhuru, hata kama wote wawili wamechimba mzizi uleule. Ukimwita shujaa wako mchawi, umeshamhukumu kabla hajatenda lolote. Baada ya jina, andika mambo ambayo sihiri yako haiwezi kamwe. Katika dunia ninayoiandika sasa, sihiri haifufui wafu wala haigusi chuma. Mpaka huo wa pili peke yake umewapa wahunzi heshima kubwa.

Hatua ya 2: Panga gharama. Hapa usiharakishe. Uchovu hautoshi kuwa gharama, kwa sababu mhusika atalala usiku na kuamka mzima. Mwita-upepo wangu anaishi katika mji wa bandari, na kila saa moja ya upepo anaouita hulipwa kwa siku nzima ya shwari. Akiokoa jahazi moja, mengine yote hukwama, wavuvi hurudi mikono mitupu, na wafanyabiashara wanaohesabu siku za upepo wa kusi humlaani. Nguvu zake ni kubwa, lakini mji mzima una sababu ya kumzuia.

Udhaifu nao upangwe kwa uangalifu kama huo. Katika masimulizi ya Fumo Liyongo, hakuna kilichoweza kumuua isipokuwa sindano ya shaba kitovuni, na aliyemchoma usingizini ni mwanawe mwenyewe, aliyerubuniwa na mfalme wa Pate. Silaha ni ndogo kiasi cha kufichwa kiganjani, lakini kuifikisha mahali pake kunahitaji mtu anayeaminiwa. Sijaona mizani iliyo sawa kuliko hiyo.

Hatua ya 3: Ipe kila silaha maisha yake. Jiulize inatengenezwa na nani, inafika umbali gani na inahitaji mazoezi kiasi gani. Gobore hujazwa kupitia mdomo wa mtutu, baruti kwanza na risasi baadaye, kisha hushindiliwa, na baruti ikilowa halifyatuki. Upinde mzito, kama ule ambao Waata wa bara ya pwani ya Kenya waliwindia tembo kwa mishale ya sumu, hautaki baruti, lakini unadai misuli iliyozoeshwa kwa miaka.

Hatua ya 4: Pambanisha kwa hesabu. Mimi hupima muda kwa pumzi. Mwita-upepo anahitaji pumzi 10 kumaliza maneno yake, na mtu wa upanga hukimbia hatua 4 kwa pumzi moja. Kwa hiyo umbali kati yao ukiwa chini ya hatua 40, upanga hufika kwanza. Mpiga upinde aliye hatua 60 hutoa mshale mmoja kila pumzi 2, na hiyo ni mishale 5 kabla upepo haujavuma. Matokeo yake ni kwamba mwita-upepo hawezi kwenda vitani bila mbeba ngao, na huyo mbeba ngao, ambaye hakuwamo katika mpango wangu wa awali, sasa ni mmoja wa wahusika wakuu.

Hatua ya 5: Mpe mtu mwingine atafute upenyo. Rafiki aliyesoma rasimu yangu aliniuliza: ikiwa sihiri haigusi chuma, mbona upepo unapeperusha mishale? Nilijibu kuwa chembe, yaani ncha ya mshale, ndicho chuma, ilhali wano, yaani mwili wake, ni mti, na upepo husukuma wano. Jibu hilo lilinilazimu kufikiri kama wapiga upinde wenyewe, ambao wasingekaa bila kutafuta dawa. Sasa huzungushia wano waya wa chuma kuanzia chembe hadi kwenye manyoya. Mshale hupita katikati ya upepo bila kuyumba, ila uzito umeupunguzia masafa kutoka hatua 60 hadi 40, yaani mpiga upinde naye lazima asogee.